Nyumba Inakula Fedha Wapi

Mtu anayeanza kujenga Chanika, Madale au Kigamboni, jijini Dar es Salaam, huanza kwa kuuliza bei. Mfuko wa saruji ni shilingi ngapi, tofali la inchi sita linauzwaje, tripu ya mchanga inafika kiwanjani kwa kiasi gani. Ni maswali ya lazima, lakini huulizwa baada ya uamuzi mkubwa kupita. Siku ramani ilipochorwa, sehemu kubwa ya gharama ilishaandikwa ndani yake, na hakuna duka la vifaa litakalotoa punguzo la kufidia mchoro uliokosewa.

Katika uchambuzi huu nitahesabu kwa mifuko, vipande na mita, wala sitataja shilingi. Bei hazikai. Wanaokumbuka mwisho wa mwaka 2020, saruji ilipoadimika nchini Tanzania na bei yake kuruka ghafla, wanajua jinsi bajeti iliyoandikwa kwa shilingi inavyoweza kuharibika kwa wiki chache. Idadi ya matofali haibadiliki. Mwenye hesabu ya vipande anaweza kuipigia bei ya siku yoyote.

Tuchukue nyumba yenye eneo la mita za mraba 100. Ikiwa ni mraba wa mita 10 kwa 10, kuta zake za nje zina urefu wa mita 40. Sasa mchoraji aamue kuipendezesha: baraza lichomoze mbele, chumba kikuu kitokeze pembeni, jikoni lirudi ndani. Eneo linabaki zile 100, lakini nyumba sasa inajaza mraba wa mita 12 kwa 12 uliokatwa pembe, na kuta za nje zimefika mita 48. Mita nane zimeongezeka bila chumba hata kimoja kuwa kikubwa zaidi.

Mita nane hizo zikijengwa kwa kimo cha mita tatu ni mita za mraba 24 za ukuta. Kila mita ya mraba inakula matofali kama 10 ukijumlisha yanayovunjika, kwa hiyo yanahitajika 240. Chini yake kuna msingi, ambako kwetu tofali hulazwa ili ukuta uwe mnene. Kwa kimo cha mita moja, ongeza matofali kama 100. Juu kuna linta na ringbimu zinazofuata ukuta huo huo kwa nondo, ringi na zege. Kisha plasta ndani na nje, mita za mraba 48, na rangi yake. Na kila kona iliyoongezwa chini itadai jibu lake juu ya paa.

Paa ndipo kona zinapolipiwa kwa mara ya pili. Nyumba ya mgongo wa tembo inapokea bati zima kutoka kileleni hadi kwenye fishabodi, na siku hizi viwanda hukata bati kwa kipimo cha mteja, hivyo upotevu ni mdogo sana. Paa lenye migongo mingi na mabonde katikati linakatwa kimshazari, na pembetatu zinazobaki ni vigumu kuzipatia kazi. Mbao za kenchi zinaongezeka, siku za fundi zinaongezeka, na kila bonde ni mahali ambapo maji ya masika yatatafuta njia ya kuingia. Sisemi watu wajenge nyumba za sura moja. Nasema mwenye fedha za kuhesabu achague kona moja au mbili anazozipenda kweli, azilipie kwa kujua, na kwingine kote anyooshe ukuta.

Wazee wa mwambao walijenga kwa kuanzia kwenye kifaa chenyewe. Ukiingia nyumba za zamani za Mji Mkongwe Zanzibar au Lamu utaona vyumba virefu na vyembamba. Dari lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti hazivuki upana mkubwa zaidi ya mita tatu hivi, basi upana wa chumba ukafuata mti. Leo tunaweza kufanya vivyo hivyo na vifaa vyetu. Tofali la sentimita 45 pamoja na udongo wake wa saruji hukaa kwenye nafasi ya kama sentimita 46 au 47. Kipande cha ukuta kinachogawanyika kwa kipimo hicho hakihitaji fundi akate tofali kila kozi. Nondo huuzwa kwa mita 12, kwa hiyo boriti ya mita nne hutoa vipande vitatu bila mabaki, lakini ya mita nne na nusu huacha kipande cha mita tatu kisichojulikana pa kwenda. Mchoraji mzuri anauliza mambo haya kabla ya kushika penseli. Asipouliza, mwenye nyumba amuulize.

Baada ya ramani ndipo tunafika dukani, na hapa naona kigezo kimoja kinachosaidia kuliko vingine vyote: je, kifaa hiki nikikikosea leo, nitaweza kukibadilisha kesho? Vigae vinang'olewa. Milango inabadilishwa, rangi inapakwa upya, makabati ya jikoni yanaweza kusubiri miaka mitano. Nondo iliyokwisha kufunikwa na zege haibadilishwi. Msingi haubadilishwi, wala bomba la maji machafu lililopita chini ya jamvi bila kuvunja sakafu. Akiba inatakiwa itoke kwenye vile vinavyobadilika. Kinachonisikitisha ni kwamba familia nyingi hufanya kinyume kwa sababu inayoeleweka: kilichofukiwa hakionekani na mgeni, na fundi anayepunguza saruji kwenye msingi anaonekana amemwokolea tajiri wake fedha.

Tuanze na saruji yenyewe. Kwenye mfuko wa kilo 50 kuna namba, ama 32.5 au 42.5. Hiyo ni nguvu ambayo saruji hiyo inatakiwa kufikia baada ya siku 28 ikipimwa maabara, kwa nyutoni kwa kila milimita ya mraba. Ile ya 32.5 inatosha kwa kujengea tofali na kupiga plasta. Ile ya 42.5 ni ya zege linalobeba mzigo: nguzo, boriti, ringbimu, slabu. Kununua 42.5 kwa ajili ya plasta ni kulipia nguvu isiyohitajika, na kumwaga nguzo kwa 32.5 kwa vipimo vilevile ni kujipunguzia usalama kwa tofauti ndogo ya bei. Kwenye orodha ya manunuzi ziandikwe kama vifaa viwili tofauti.

Zege la uwiano wa 1:2:4, linalotumika sana kwa boriti na nguzo za nyumba za kawaida, hula mifuko kama sita na robo kwa kila mita ya ujazo. Mwenye nyumba akiijua namba hii anaweza kukagua kazi bila kusimama juu ya kichwa cha fundi. Ringbimu ya mita 60, upana sentimita 15 na kimo sentimita 20, ina ujazo wa mita 1.8, kwa hiyo inahitaji mifuko 11 na kidogo. Ikimalizika kwa mifuko saba, saruji imepungua ndani ya zege au imetoka getini. Vyovyote iwavyo, yapo mazungumzo ya kufanya.

Lakini mifuko inaweza kutimia na zege bado likawa dhaifu, kwa sababu ya kitu ambacho hakina bei kabisa. Saruji ya mfuko mmoja inahitaji maji ya kama lita 25, ikiwemo unyevu uliomo kwenye mchanga. Mafundi hupenda kuongeza maji ili zege liteleze na kazi iende haraka. Maji ya ziada hayapotei bure: yakikauka huacha vitundu, na vitundu hivyo ni nguvu iliyolipiwa ikapotea. Kisha likishamwagwa, zege hilohilo linanyimwa maji wakati linapoyahitaji. Siku saba za kumwagilia ni kazi ya mtu mmoja na ndoo au mpira. Zege likitunzwa vizuri hufikia karibu theluthi mbili ya nguvu yake katika wiki hiyo ya kwanza. Sijui njia nyingine ya kupata nguvu nyingi kiasi hicho kwa gharama ndogo hivyo.

Tofali linahitaji maelezo marefu zaidi, maana ndilo linalonunuliwa kwa wingi na ndilo linalodanganya kirahisi. Tofali la inchi sita lenye urefu wa sentimita 45, kimo 22.5 na unene 15 lina ujazo wa lita 15 na ziada kidogo. Mfuko wa saruji una lita kama 35. Mfyatuaji anayetoa matofali 40 kwa mfuko mmoja ametengeneza zaidi ya lita 600 za tofali kwa lita 35 za saruji, yaani sehemu moja katika 17. Na kwa kuwa mchanga hupungua ujazo ukishindiliwa kwenye mashine, mchanganyiko wenyewe pale chini ulikuwa dhaifu kuliko hapo. Anayetoa 20 ana sehemu moja katika tisa hivi. Matofali hayo mawili yanafanana rangi, yanafanana ukubwa, na yakipangwa barabarani mpita njia hawezi kuyatofautisha.

Kwa maoni yangu, nyumba isiyo ya ghorofa iridhike na matofali 25 kwa mfuko ukutani, na chini ya hapo kwa msingi, ambao utakaa ndani ya udongo wenye unyevu maisha yake yote. Njia ya uhakika ni kufyatulia kiwanjani: saruji unainunua mwenyewe, unahesabu mifuko mitupu jioni, unahesabu matofali, unagawanya. Ukilazimika kununua yaliyo tayari, likwaruze tofali kwa msumari. Likitoa unga kwa urahisi na pembe zikamomonyoka mkononi, liache hata kama ni rahisi. Tofali la bei ndogo linalovunjika kumi kwa mia wakati wa kushusha, tena likameza plasta kwa sababu uso wake haushiki, mara nyingi hufika ukutani likiwa limegharimu zaidi ya lile zuri.

Nondo ina kipimo kinachosema kweli kuliko macho, nacho ni mizani. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inatakiwa kuwa na uzito wa kilo 10.6 hivi. Ya milimita 10 ina kilo 7.4, na ya milimita 16 karibu kilo 19. Viwango huruhusu tofauti ya asilimia chache tu. Iko sokoni nondo inayouzwa kwa jina la 12 ilhali unene wake ni 11, na milimita moja inaonekana ndogo mpaka upige hesabu. Uwezo wa nondo unatokana na eneo la mkato wake, na eneo hilo limepungua kwa asilimia 16. Aliyenunua nondo 100 za namna hiyo amelipia 16 ambazo hazipo. Urefu nao upimwe kwa futi kamba, kwa maana zipo zinazoishia mita 11 na kitu. Muuzaji mwaminifu hakasiriki ukimwomba mizani.

Mchanga na kokoto huuzwa kwa tripu, na tripu si kipimo. Pima kichanja cha gari: urefu, upana, kimo cha mchanga, zidisha, upate mita za ujazo, halafu linganisha bei za magari mawili kwa mita. Jambo lisilofahamika sana ni kwamba mchanga wenye unyevu kidogo huvimba. Ujazo wake unaweza kuongezeka kwa robo nzima kuliko ukiwa mkavu. Kwa hiyo gari lililojaa mchanga mbichi limebeba pungufu. Ubora wake unapimwa kwa chupa ya maji inayoonyesha ndani: tia mchanga, tia maji na chumvi kidogo, tikisa, acha saa kadhaa. Tope hutulia juu ya mchanga kwa tabaka linaloonekana. Mchanga ukiwa sentimita 10, tope lisizidi milimita nane. Na kwa wanaojenga pwani, mchanga wa baharini usioshwe kwa maneno ya muuzaji. Chumvi yake hula nondo ndani ya zege, na kutu inapovimba zege hupasuka. Ukutani hutoka kama unga mweupe unaobandua rangi kila mwaka.

Umbali unaingia ndani ya kila bei hapa. Kokoto ngumu za Dar es Salaam nyingi husafiri kutoka Lugoba, na mbao za kenchi hutoka mbali zaidi, Mafinga na misitu ya Sao Hill. Mwanza mawe yapo mlangoni, na msingi wa mawe huko ni jambo la akili. Nairobi na Kiambu watu hujengea mawe ya kuchongwa ya Ndarugu kwa sababu machimbo yako jirani. Mtu wa Mwanza anayeiga msingi wa tofali za saruji kutoka ramani ya Dar es Salaam amebeba gharama za mji mwingine.

Kwa sababu hiyo natamani tofali la udongo na saruji la kufungamana litazamwe kwa heshima zaidi. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, NHBRA, ulilifundisha kwa miaka mingi. Udongo unaofaa, wenye mchanga wa kutosha, huchanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono, bila kuni wala tanuri. Matofali yanashikana kwa maumbo yake, hivyo udongo wa kujengea unapungua sana. Faida yake kubwa, hata hivyo, ni kuachwa wazi bila plasta. Mwenye nyumba akilipiga plasta ndani na nje ili lifanane na la jirani, akiba yote imerudi kwenye saruji. Na linadai masharti: udongo wa mfinyanzi haufai, msingi uinuke juu ya ardhi, na paa litoke nje vya kutosha kulikinga na mvua ya upepo.

Tofali la kuchoma la nyanda za juu lina nguvu na uzuri wake, lakini ukuta wowote wa vipande unahitaji kufungwa. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliangusha nyumba nyingi za matofali ambazo kuta zake hazikuwa na kitu cha kuzishika pamoja. Ringbimu inayozunguka nyumba yote bila kukatika haionekani ikishapigwa plasta, na ndiyo moja ya vitu ambavyo watu huambiwa waviache ili kupunguza gharama. Visiachwe.

Kwenye bati, kumbuka namba ya geji inapanda unene ukishuka. Geji 28 inakaribia milimita 0.4 na geji 30 inakaribia 0.3, lakini majina haya hutumika kwa ulegevu madukani, kwa hiyo uliza unene kwa milimita na uandikwe kwenye risiti. Kenchi ni zilezile, misumari ni ileile na ufundi ni uleule kwa bati nene na jembamba. Tofauti ya bei ya bati peke yake ikiwekwa juu ya gharama nzima ya kupaua huonekana ndogo kuliko ilivyoonekana dukani. Mbao zenye dawa zikatwe kipande mbele yako: dawa iwe imeingia ndani ya mbao. Rangi ya kijani iliyopakwa juu tu haiwazuii mchwa.

Kuhusu mafundi nitasema machache. Mkubaliane kwa hatua ya kazi inayopimika, malipo yafuate kazi iliyokwisha, na vifaa viingie na kutoka kwa daftari. Mkadiriaji majenzi akikuandalia orodha ya vifaa na kiasi chake, ada yake hurudi mapema, kwa kuwa bila orodha hiyo huna namba ya kulinganisha na kile fundi anachoomba. Tenga pia angalau sehemu moja ya kumi ya bajeti kwa yasiyotarajiwa, na usiiguse kwa ajili ya vigae.

Lililobaki ni jambo linalowahusu wengi wetu, ambao hatujengi kwa mkopo wa benki bali kwa mshahara, mazao na kikoba, kidogo kidogo kwa miaka. Ujenzi wa namna hii una gharama yake ambayo haimo katika orodha yoyote: uharibifu wakati wa kusubiri. Saruji ikikaa stoo miezi mitatu kwenye unyevu wa pwani imeshapoteza sehemu ya nguvu yake hata kama haijaganda, kwa hiyo isinunuliwe kama akiba. Kokoto, mawe na matofali vinasubiri bila kudhurika. Nondo inasubiri ikiinuliwa kutoka ardhini na kufunikwa.

Zipo pia hatua ambazo nyumba inaweza kusimama salama, na zipo ambazo haiwezi. Mtaro wa msingi usichimbwe mpaka vifaa vyake vyote viwepo, kwa sababu mvua ya Machi itaubomoa na utalipa kuuchimba tena. Msingi uliokwisha kujengwa na kujazwa kifusi kilichoshindiliwa ni kituo kizuri. Ukipita masika moja kabla ya jamvi, kifusi hutulia na sakafu haitabonyea baadaye. Kuta zilizofika nusu ni kituo kibaya. Ukianza kuinua kozi uwe na fedha za kufika ringbimu, na nondo zitakazobaki wazi zipakwe uji mzito wa saruji. Kupaua ni kazi ya mkupuo mmoja: kenchi zikisimama juani bila bati hupinda, basi usinunue mbao mpaka bati liwe limelipiwa.

Paa likishakaa, haraka yote imekwisha. Malizia chumba kimoja, choo na jiko, uhamie, na ile kodi uliyokuwa ukimlipa mwenye nyumba iingie kwenye chumba kinachofuata. Ila kabla plasta haijagusa ukuta wowote, pitisha mabomba ya maji na mabomba matupu ya waya za umeme katika vyumba vyote, hata vile vitakavyosubiri miaka mitatu. Mabomba hayo ni bei ndogo sana, na siku fedha ya chumba cha mwisho itakapopatikana, fundi umeme atavuta waya wake bila kupasua ukuta.